Mkono Mfukoni

Kesho yake nilikuwa nishuke Masasi kujifunza ushonaji. Nikawa napasua korosho mbichi kwa kisu cha kukunja, huku naota cherehani yangu. Kisu kikajikunja ghafla, kikanikata kidole cha shahada, na mafuta ya ganda yakaingia kwenye jeraha yakachoma kama moto.

Mama akiona, safari imekufa. Nikasikia hatua zake, nikaficha mkono mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Unaniamkia mkono mfukoni? Umekuwa mkuu wa wilaya?"

Hapo nikanasa. Nikiutoa, nabaki hapa kwetu Newala. Nisipoutoa, nimemdharau mama yangu. Nikautoa, damu tupu.

"Marahaba," akasema taratibu. "Na sindano utaishikaje, mwanangu?"

Asubuhi basi likashuka mlima, mie niko jikoni, kidole kimefungwa kitambaa cha kanga.