Ni mi nilikata goli ya bamama

Kosa ni yangu. Nasema mapema, mbele moyo irudi nyuma, juu nimekaa na haya maneno tangu vita ya pili ya Kongo na sasa ndevu yangu yote imekuwa nyeupe.

We mwenye unasoma, nikalie karibu kidogo. Jina yangu sitaitaja, na majina ya wengine nimegeuza. Lakini kama ulikuwa hapa muji ya Baraka ile miaka, utajua ni mambo ya nani na utanitukana. Tukana tu, niko tayari.

Mi ni seremala. Zamani nilikuwa golikipa, na kutoka hapa mupaka Nundu balikuwa bananiita Ukuta. Nilipenda hiyo jina kuliko ile nilibatizwa nayo. Vita ilipokuja, mupira ya banaume ilikufa. Vijana balikimbia, bamoja porini, bengine ng'ambo ya ziwa. Balibaki bamama, na bamama bakaanza kucheza bao benyewe pale uwanjani, mangaribi, bakitoka kuteka maji. Bibi yangu wa ndoa, tumuite Mama Asende, alikuwa mumoja wao.

Siku moja baliniomba nisimame golini ili bapige mashuti. Nilicheka. Nilivua viatu, nikabaambia bapige polepole basijiumize vidole.

Bibi yangu alinifunga mara tano. Mi, Ukuta. Ya tano ilipita katikati ya miguu yangu, na mi nikaanguka na makalio. Batoto ba mutaa mzima balinisindikiza nyumbani na wimbo, na wimbo ilikuwa na makalio ndani.

Yeye nyumbani hakunicheka hata kidogo. Alinipakulia chakula kama siku zote, akaniuliza kama kiuno inaniuma. Hiyo njo iliniua kabisa. Angenicheka, mambo ingeisha usiku ule.

Sasa sikia vile shetani alinifungulia mulango.

Muji ilikuwa kwa mikono ya basoda benye balikuja na vita. Baliweka bariere ya kufunga njia ya mashamba, kule karibu na muto Mutambala, na hakuna mama wa kupita. Muhogo yetu iliiva ikaanza kuoza ndani ya udongo, na sisi tuko hapa tunalala njaa, shamba ikiwa umbali wa saa moja kwa miguu. Bamama bakaenda kumulilia komanda. Yule komanda alipenda mupira kuliko hata bunduki yake.

Akabaambia, "Munacheza kila siku mbele ya macho yangu. Sawa. Mucheze na basoda bangu. Kila goli mutatufunga, nafungua bariere siku moja kwa juma. Goli moja, siku moja. Mukifunga saba, juma muzima."

Mama mumoja akauliza, "Na basoda bakitufunga sisi?"

"Kila goli, kuku moja."

Alisema mbele ya bantu bote, na alikuwa muntu wa kushika neno yake, hata ya kipumbavu. Muji mzima ikapata uhai. Bantu balikuwa banahesabu siku kwa vidole.

Komite ya mupira tulikuwa bantu bane, lakini mi njo nilikuwa na musumeno. Nilisimama kwa mukutano, nikatanguliza Kifaransa kidogo ili banyamaze. Nikasema, "Mwanamuke si mwanaume. Muguu yake ni fupi, pumzi yake ni kidogo. Uwanja ya banaume itamuua. Goli ya banaume ni nyumba nzima, mama atailinda namna gani? Basoda batafunga mupaka kuku iishe Baraka. Tubapunguzie uwanja, tubapunguzie goli. C'est scientifique."

Uongo mutupu. Nilitaka tu goli yenye naweza kuilinda mbele ya bibi yangu.

Kulikuwa mama mumoja, tumuite Mama Wabiwa. Bwana yake alipotea na vita, alimuachia batoto bane. Alikuwa anapandisha gunia ya muhogo kwa kichwa mupaka Fizi, kule juu milimani, na anashuka siku ile ile. Hakuna mwenye alikuwa na shuti kama yake. Aliinuka akasema, "Baba Asende, sisi tunataka kufunga. Kufungwa hatuogope, kuku tutatafuta. Acha goli kubwa, acha uwanja murefu. Bale basoda banakunywa na banavuta. Bakimbize dakika kumi, batatapika. Sisi tumezoea mulima na gunia."

Alikuwa na haki, neno kwa neno. Nilijua wakati ule ule anasema. Nikamujibu, "Mama, mambo ya mupira uniachie mi. Ni kwa faida yenu."

Bantu bakanipigia makofi. Ni kuku njo ilibashinda, kila muntu alikuwa anawaza kuku yake. Na bibi yangu, masikini, akasema, "Bwana yangu mupira anaijua. Tumusikilize."

Komanda aliposikia tunaomba goli ndogo, alikubali mbio mbio na akanishika mukono. Nilipaswa kuogopa pale.

Niling'oa poto, ile miti ya goli, nikaikata na kuipanda karibu karibu. Kwa kimo, nilimusimamisha bibi yangu anyooshe mikono juu. Pale vidole vyake vilifika, pale nikakata. Goli ikabaki kama mulango ya kanisa. Vipande vya mikaratusi vyenye vilibaki tulivitia motoni, tukapikia ndagala, bale samaki badogo ba ziwa. Nilikula vizuri, sitakudanganya.

Uwanja nayo nilisema ipimwe kwa hatua za mwanamuke, mia moja. Mwanamuke gani? Bantu bakamuchagua mama-mukwe wangu, juu ni mama wa heshima, hakuna mwenye atabisha hatua zake. Hapo kosa ikazaa kosa ingine. Kwetu muntu hakaribie mama-mukwe wake, hamuangalie uso, hamutume kitu. Mi nilisimama mbali, mugongo kwake, nasikia tu bantu banahesabu. Thelathini. Thelathini na tano. Arobaini. Halafu hesabu ikakatika.

Mama alikuwa amekaa chini. Magoti ilimuuma.

Bantu bote bakaniangalia. Nani atamuambia mama-mukwe wangu asimame amalizie? Mi siwezi. Bengine bakasema mukwe ni wangu, si wao, bao habaingie. Nikamutafuta bibi yangu amuambie, alikuwa ameenda kuteka maji. Tulingoja. Mama alitoa tumbaku yake, akapumzika vizuri, akasalimia bantu, akarudi kwake. Nikapiga mustari wa majivu pale alikuwa amekaa. Hatua arobaini na mbili, njo uwanja tulichezea mashamba yetu.

Siku ya mechi bantu balijaa mupaka juu ya paa. Mi nilikuwa arbitre, mwenye kupuliza filimbi. Ndiyo, hata hiyo nilichukua.

Basoda bakaleta golikipa, mupishi wa kambi, muntu mwenye bao benyewe balikuwa banamuita Frigo, ni kusema friji. Aliposimama katikati ya ile goli yangu, hukuona tena goli. Uliona Frigo, na kando yake mwangaza kidogo. Alikuwa na karanga mufukoni, anakula. Basoda bengine habakukimbia hata hatua kumi, bakimbilie wapi? Balisimama tu, mupira inabakuta pale bako.

Bamama, Mungu wangu, bamama balicheza. Mama Wabiwa alipiga ya kwanza kutoka mbali, Frigo akiwa bado anatafuna. Ko, muti wa juu. Kwa goli ya zamani ile mupira ingekuwa ndani kabisa, na nafasi ingebaki. Nilisema ndani ya roho yangu, Jumatatu.

Akapiga ingine. Ko, poto ya kuume. Jumanne.

Mama mwingine akapiga, ko. Jumatano. Mwingine tena, ko. Alhamisi. Mama Wabiwa tena, ko, Ijumaa, na tena, ko, Jumamosi. Nilikuwa na filimbi mudomoni, na juma nzima inapita mbele ya macho yangu na kurudi uwanjani. Kila muti ukilia, bantu kwa pembeni banapiga kelele, "Poto." Kwanza balisema kwa huruma. Mara ya sita balikuwa banacheka.

Moja iliingia. Karanga ilimuanguka Frigo, akainama kuiokota, na bibi yangu akapitisha mupira juu ya mugongo yake. Basoda bakatufunga mbili. Kuku mbili tu. Bantu bakanipongeza juu ya kuku.

Komanda akashika neno yake. Akasema, "Goli moja, siku moja. Siku yenyewe ni Jumapili."

Jumapili. Muji ya bakatoliki na baprotestanti. Bamama baislamu ba pembeni ya ziwa balijiendea zao na majembe, bengine bakabaki banaangaliana kwa mulango wa kanisa. Mukubwa wa kanisa yetu alifunga kula siku tatu, halafu akatangaza kwamba Jumapili tumeihamishia Jumatatu. Padri alikataa, kwake bamama balianza kusali mapema sana na majembe chini ya mabenchi. Siku moja haikutosha. Unachimba muhogo, unailoweka, unabeba, juma inafika tena, njaa ikiwa imefika mbele yako. Batoto bakaanza kuvimba miguu.

Hapo bantu bakatafuta mwenye kosa.

Ulifikiri ni mi? Hapana. Mi nilikuwa mwenye kuokoa kuku. Balimushika Mama Wabiwa. Mashuti ine, ine yote kwa muti. Bakamuita Mama Poto. Kwa kisima banamuachia nafasi ya mwisho, "Poto na yeye ananywa maji?" Batoto bake banapigana kila siku juu ya hiyo jina. Bantu benyewe habakukumbuka kwamba muti ulikuwa mahali pengine juma mbili mbele yake. Ama balikumbuka, na ilikuwa rahisi kumuonea mama bila bwana kuliko kumuuliza seremala.

Shamba yake ilikuwa mbali kuliko za wote. Jumapili moja haikumutosha kwa batoto bane. Akapitia porini siku ya kazi, basoda bakamukamata, bakamunyang'anya jembe na gunia, bakamufungia siku mbili anabachotea maji. Aliporudi, amechoka, nguo imepasuka, muntu mumoja akasema kwa sauti, "Ameigonga tena." Na bantu bakacheka. Mi nilikuwa pale. Nilicheka nami, kidogo, ili nisionekane.

Haikupita siku nyingi, akaamua kuvuka kwenda Tanzania. Nilimukuta kwa muchanga, anapandisha batoto bake mutumbwini, na sufuria moja. Aliponiona alishuka, akanikaribia, akapiga goti kidogo kama bamama betu banafanya.

Akaniambia, "Baba Asende, unisamehe. We ulitutengenezea goli vizuri, ya kipimo yetu. Ni mi nilishindwa."

Unajua nilimujibu nini? Ulimi yangu ilikuwa na nafasi. Bantu balikuwa bachache. Ilikuwa maneno mafupi tu.

Nilimujibu, "Haina shida, mama. Nimekusamehe."

Nilimusamehe. Mi. Akashukuru, akapanda, bakaenda.

Tangu pale nimetengeneza milango, vitanda, masanduku ya maiti, na nimezeeka na heshima. Bibi yangu kila mara bantu bakizungumzia ile mechi anasema, "Bwana yangu alitaka kutuchunga." Miaka yote anasema hivyo. Kila akisema, naacha chakula, narudi kwa mbao zangu.

Juzi nikamusomea hii barua yote mbele ya kuituma. Alikuwa anamenya muhogo, na hakuacha kumenya. Nilipofika kwa yale mashuti tano alitabasamu, nikafikiri nimepona. Nilipomaliza akasema, "Mi ulinidanganya, lakini nilikuwa kwa nyumba yangu, na batoto bangu. Si mi wa kusomewa." Tangu siku hiyo ananipikia, ananiwekea maji ya kuoga, na haseme na mi.

Banaume benzangu, mwanamuke akikufunga, kubali umefungwa. Okota mupira, murudishie, cheka na bantu. Utalala vizuri. Na siku utasikia muntu anasimama kwa mukutano anasema tubapunguzie banamuke kitu fulani kwa faida yao, mbele ya kumupigia makofi muulize nani alimufunga juzi.

Na we, mama, mwenye nimekuita hapa Mama Wabiwa. Kama uko hai kule ng'ambo na kuna mutoto anakusomea, jina yako nimeificha, lakini ile mubaya balikupachika utaijua. Ule musamaha nilikupa pale kwa muchanga, unirudishie, haikuwa yangu ya kutoa. Hukukosa kitu. Goli niliikata mi, na musumeno yangu, juu ya haya yangu. Mashuti yako ine iliingia. Yote ine, mama, iliingia.