Alipokufa Yule wa Zaire

Habari za kifo cha yule mtawala wa Zaire zilitufikia Karungu kwa redio, asubuhi, wanawake wakiwa wanaanika omena, dagaa wa ziwa letu, ufuoni. Alikuwa ameikimbia nchi yake miezi michache kabla, na sasa amefia ugenini, na huko huko ndiko angezikwa. Ufuo mzima ulicheka.

Sisemi walitabasamu. Walicheka wakishika mbavu. Kwetu mwanamume huzikwa ndani ya boma lake, kando ya nyumba yake, na familia itauza hata ng'ombe wa mwisho ili maiti irudi kutoka Mombasa. Sasa huyu bwana mkubwa, mwenye majumba ya marumaru na ndege za kwenda Ulaya kununua viatu, amekosa hata futi sita za udongo wa kwao. Muuza chai mmoja alisema hata mlevi wa Awendo, yule wa kulala kwenye mitaro ya mashamba ya miwa, ana pa kuzikwa. Nilikubaliana naye kabisa. Mtu aliyeitafuna nchi nzima na kuwaachia watu wake mifupa hastahili hata matanga ya paka.

Mama yangu peke yake hakucheka. Aliendelea kugeuza omena wake.

Baba alikuwa fundi wa malori. Alikwenda Zaire nikiwa darasa la pili, na mwenzake aliyerudi alituambia kwamba wanajeshi wa mtawala yule walimchukua gereji mchana kweupe, kwa kosa ambalo hakuna aliyelitaja. Basi. Hakuna barua, hakuna maiti. Kwa msiba wa namna hiyo mila yetu ina njia yake: tunda la mti wa yago, lile refu na gumu, huzikwa badala ya mtu, roho yake ikatulia. Ba'mkubwa, kaka yake baba, alimsihi mama kila mwaka akubali. Mama alikataa katakata. Alisema dikteta haishi milele. Siku akiondoka, magereza yatafunguliwa, na baba atarudi kwa miguu yake.

Dikteta alipokimbia, mama aliikandika nyumba upya kwa udongo. Magereza yalifunguliwa kweli, wakatoka wa kutoka. Baba hakuwamo. Mama akasema tungoje, labda yule mzee atabanwa mahakamani aseme watu aliwapeleka wapi. Mimi sikuwa na imani hiyo. Mwoga yule hangefungua mdomo kwa ajili ya fundi wa malori.

Jioni ya siku ile ya redio, ba'mkubwa alikuja kwetu akicheka, akarudia yale yale ya ufuoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, huyo mnacheka, watu wake wanajua amelala wapi," alisema. "Sasa chimba. Mwenye alikuwa anajua mahali walipeleka bwana yangu amekufa na hajasema."

Ba'mkubwa aliacha kucheka. Kesho yake alichimba kando ya nyumba, nasi tukalifunga tunda kwa shuka. Mimi, kama kifungua mimba, nilipewa kulishusha. Lilikuwa zito. Nilimlaani yule marehemu wa ugenini kwa kila neno chafu nililolijua, mpaka lilipofika chini.