Fidla Nyuma ya Kiti cha Dereva

Dereva wa basi la shule yetu ana vidole vinene, na fidla yake husafiri nyuma ya kiti chake. Akishawashusha watoto asubuhi, hufanya mazoezi humo humo ndani ya basi, nao humsikia kupitia madirisha ya madarasa. “Leo tena umekwama palepale kwenye wimbo,” humtania wakirudi. Basi likifika kwenye njia ya reli, hata theluji ikimpiga usoni, husimama, hufungua mlango, hutazama kushoto na kulia, hutega sikio, hadi watoto waseme, “Hakuna treni, dereva, pita.”

Jumamosi alipiga fidla dansini kwa mara ya kwanza. Alipofika palepale anapokwama akasimama kabisa, akatazama kushoto, akatazama kulia. Nasi tuliokuwa tukicheza tukasimama. Binti yangu Odile, mdomo umejaa keki, akamwambia, “Hakuna treni, dereva, pita.”

Akacheka, akapita, na miguu yetu ikamfuata.