Chachu Haina Likizo

Kiwandani wanamwita Mtawa, ingawa ana binti aliyemzaa mwenyewe na talaka aliyoidai kwa sauti kubwa. Jina lilitokana na mavazi na mwenendo: koti jeupe hadi magotini, kitambaa kichwani, barakoa, na mikono ambayo asubuhi hampi mtu yeyote.

"Shikamoo ya mbali, Mtawa," dereva wa lori la maziwa humtania kutoka upande wa pili wa ua.

"Marahaba ya mbali," hujibu, huku akiambaa na ukuta kama mtu anayekwepa mvua.

Anachokwepa ni mtindi. Kiwanda kinatengeneza mtindi, na yeye ndiye mtunza chachu, yaani bakteria hai wanaoyagandisha maziwa. Viwanda vingi hununua chachu kavu ya pakiti. Hiki kina ya kwake, iliyolelewa humo humo tangu enzi za mwanzilishi. Kila asubuhi kijiko cha chachu ya jana huhamishiwa kwenye maziwa mapya yaliyochemshwa, karibu na moto mdogo wa gesi, ndani ya chumba kisichozidi jiko la nyumba ya kupanga. Chachu isipolishwa hulegea, na ikilegea matangi yote yanayoitegemea hulegea nayo.

Adui wake haonekani. Kuna virusi ambavyo havimdhuru binadamu lakini huwaua bakteria wa chachu, na makazi yake ni majimaji ya mtindi; tone moja kwenye kiatu au kwenye ukosi linatosha. Miaka mingi iliyopita viliwahi kuingia chumbani. Maziwa yalikaa kwenye matangi kutwa nzima yakabaki maziwa, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mtawa, wakati huo msichana wa maabara aliyetoka chuo juzi, ndiye aliyependekeza kanuni: chumba kiingiwe na mtu mmoja tu, asubuhi, kabla hajagusa kitu kingine. Akishapita kwenye matangi, asirudi chumbani hadi kesho yake, akiwa ameoga na kubadili nguo. Virusi vikakoma. Wakampigia makofi, wakamkabidhi ufunguo.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," anasema, na hacheki.

Hajalala nje ya mji tangu hapo. Mazishi ya shangazi yake aliyasikiliza kwenye simu. Akiba ya chachu ipo kwenye friza, lakini akiba haijiamshi. Ameshafundisha watu wa kumpokea, tena si mmoja, na kila anayeiva meneja humvuta kwenye matangi, ambako watu hawatoshi kamwe. Anayekwenda huko hushinda kwenye mtindi tangu alfajiri, na kwa kanuni ile ile haruhusiwi chumbani.

Mwaka huu binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alishika mimba ya pili. Ya kwanza iliharibika miezi ya mwishoni, na siku hiyo binti alikuwa peke yake sakafuni, mume akiwa kazini. Safari hii aliomba kitu kimoja.

"Mama, uje kabla. Si baada. Baada watakuja wengi."

Mtawa alikwenda kwa meneja, kijana mwenye shahada na subira ya wastani. Kusema haki, meneja hakumfukuza. Aliagiza chachu ya pakiti. "Hii hata mimi naweza, mama," alisema. "Unachana, unamwaga, unakoroga. Tuijaribu tangi moja. Ikikubali, wiki ijayo unaondoka, ukae mpaka mtoto aote meno."

Siku ya jaribio mfuko wake wa safari ulikuwa umeshafungwa nyumbani. Chachu ya pakiti ilimwagwa kwenye tangi la pili. La kwanza likapewa ile ya siku zote. Kipimo ni kimoja: ukali. Maziwa ya uvuguvugu yakichacha upesi, vijidudu vya maradhi hushindwa kukua. Yakichelewa, huwa kitanda chao, na sumu wanayoweza kuacha haina harufu wala ladha. Kwa hiyo kiwanda kina mpaka: tangi ambalo halijafikia ukali unaotakiwa kufikia chakula cha mchana, linamwagwa.

Kufikia mchana tangi la kwanza lilikuwa limepita mpaka. La pili lilikuwa bado mbali. Mtawa aliosha kipimo, akakisawazisha upya, akachota sehemu nyingine ya tangi. Jibu halikubadilika. Mfanyakazi wa matangi, aliyesimama kando akisubiri kuambiwa, aliuliza, "Tuandike ngapi?"

"Nilikuwa na namba mbili mdomoni," Mtawa anaeleza sasa. "Moja ya tangi, moja ya binti yangu."

Akataja ya tangi.

Meneja aliposhuka jioni, tangi la pili lilikuwa limeganda vizuri, laini, linang'aa. Alichota kwa kijiko, akalamba, akachota tena.

"Mtindi huu hapa. Una kasoro gani?"

"Umechelewa."

"Umechelewa, lakini umefika. Hata bibi harusi huchelewa."

"Bibi harusi hatumli, baba."

Mfanyakazi wa matangi alicheka peke yake.

"Pengine hamna kitu humo," meneja alisema.

"Pengine hamna. Ulimi hauwezi kunihakikishia. Lori la kesho ni la shule."

Meneja aliweka kijiko chini. Pakiti za aina nyingine, alisema taratibu, zitatoka ng'ambo, na zitachukua zaidi ya mwezi. "Nikimwaga hili, unaelewa huendi? Sina mwingine wa kile chumba."

"Naelewa."

"Basi sema wewe. Nisije nikaambiwa ni mimi niliyekuzuia."

"Mwaga," alisema.

Ilichukua muda. Mtindi mzito hauteremki kama maziwa. Ulisukumwa kwa mipira ya maji mpaka mfereji ukafurika mweupe hadi getini, na paka wa jirani wakaja.

Alimpigia binti yake akiwa bado amevaa mabuti. Alimweleza yote, pamoja na ukali na mpaka, kama anayetoa ushahidi. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Wangekunywa akina nani?"

"Watoto wa shule."

"Na huyu wangu, Mama, si mtoto?"

Mtawa akaanza tena habari za ukali. Binti akasema, "Sawa. Kazi njema," kama anavyoambiwa mtu baki, akakata.

Yapata wiki mbili sasa. Mtoto hajazaliwa. Binti hapigi tena. Anayepiga ni mama mkwe wake, mwanamke mpole, ambaye amehamia pale na kuchukua chumba kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya Mtawa. Hueleza kila kitu bila kuulizwa: miguu imevimba kidogo, tumbo limeshuka, usiku analala upande. Mtawa husikiliza akiwa amesimama koridoni, ambako mtandao unashika. Mama wa watu hajaambiwa habari za tangi. Ndiyo maana, kila akimaliza, huuliza kwa nia njema:

"Sasa mwenzangu, sisi tukutazamie lini?"