Aliyenisukuma Mlima wa Tatu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana mbele hakuna pa kuchekea. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na baiskeli yenyewe ipo hadi leo, imeegemea ukuta wa jiko letu hapa Kihesa. Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la saba, na hata kuandika naandika polepole, neno moja moja. Mtu kama huyo angepata wapi nguvu ya kutunga uongo mrefu namna hii?

Kwanza ujue habari za mdogo wangu. Anaitwa Vumilia, sisi tunamwita Vumi, yuko darasa la nne. Mguu wake wa kushoto haujakaza tangu azaliwe. Shule yao iko ng'ambo ya kilima, na mama anaamkia sokoni na mboga zake, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nampakia Vumi kwenye keria na kumpeleka. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa miguu ya Vumi.

Halafu ujue mtindo wetu wa milimani. Huku kila njia ni mlima, na baiskeli haikosi mzigo: viazi, mkaa, mbao. Ukiwa unapandisha, mtu yeyote anayetembea kwa miguu anaweza kukuwekea mkono mgongoni akakusukuma. Haombi ruhusa. Mkifika juu unamwambia, "Panda." Anajibu, "Nimepanda," anakaa kwenye keria, hata kama ni juu ya gunia, unamteremsha bure upande wa pili. Chini unamwambia, "Tumefika, shuka." Tunauita mkono kwa keria. Majina hatuulizani. Ila aliyepanda kwa neno lako anashuka kwa neno lako. Hata mtoto anajua.

Sasa, mwaka huu usharika wetu ulipata mgeni, Mjerumani mmoja mpole. Akatusimulia vijana kwamba kwao watu wazima wanazunguka vilima kwa baiskeli kutwa nzima, wanapanda, wanashuka, halafu wanarudi palepale walipoanzia.

"Wamebeba nini?" Festo akauliza. Festo ni jirani yetu, mdomo wake haupumziki hata kanisani.

"Hawajabeba kitu."

"Wanamfuata nani?"

"Hakuna mtu. Wanaangalia nchi ilivyo nzuri."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kwetu mtu akipanda mlima bila mzigo na kurudi alikotoka, ndugu zake wanaanza kumtafutia dawa. Lakini yule mgeni alituchorea duara kwenye karatasi, kutoka Kihesa kupitia vilima vitatu hadi Kihesa tena, na alipoondoka lile duara likabaki vichwani mwetu. Tukapatana Jumamosi, vijana watano.

"Ng'oa hiyo keria, dogo," Festo akaniambia. "Tunaenda kutalii, hatupeleki kuni."

Nikaing'oa usiku wa Ijumaa, nikaisukumia chini ya kitanda cha Vumi.

"Utairudisha?" Vumi akauliza.

"Jumatatu utaikalia."

Usidhani lililonipata lilinipata gizani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ukungu wa Juni ulikuwa umelala mabondeni, na vilele vilitokeza juu yake kama vichwa vya watu waliojifunika blanketi. Nikiri tu, nchi ilikuwa nzuri. Mlima wa kwanza niliupanda nikiwa na wenzangu. Wa pili nikabaki nyuma. Wa tatu nilikuwa peke yangu katikati ya miti ya misindano, magoti yamekwisha, nasikia cheni yangu na pumzi yangu tu.

Hapo ndipo nikawekewa mkono.

Ulikuwa mkono mpana, katikati ya mgongo, chini kidogo ya shingo. Baiskeli ikawa nyepesi mara moja. Nikajua ni Festo, amejificha msituni anisukume ili akanicheke mbele ya wenzake. Sikugeuka. Ukigeuka kwenye mlima mkali unaanguka. Tukapanda hivyo hadi kileleni, na pale juu ulimi wangu ukafanya kazi yake ya kila siku bila kuniuliza.

"Panda," nikasema.

"Nimepanda."

Haikuwa sauti ya Festo. Ilikuwa ya mzee, ya upole, ya mtu aliyengoja sana. Tairi la nyuma likabonyea. Tayari tulikuwa tunateremka nilipokumbuka kwamba keria iko chini ya kitanda cha Vumi.

Niambie wewe: alikaa wapi?

Nilibana breki zote mbili, haikusaidia kitu. Shingo yangu ilipigwa na ubaridi wenye harufu ya udongo uliochimbwa leo. Mikono miwili ikanishika kiuno, taratibu, kama anavyoshika abiria mwenye adabu. Sikupiga kelele. Ningeanzia wapi?

Chini ya mlima wenzangu walikuwa kwenye kibanda cha chai.

"Karibu, konokono!" Festo akapaza sauti. "Tulikuwa tunachagua nani apeleke habari za msiba kwenu!"

Wote wakacheka, wakanitazama. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: tumefika, shuka. Lakini ningeyasemaje mbele ya watu wanne na mama wa chai, kwa nafasi tupu nyuma ya siti? Tangu shuleni mimi nikitazamwa ulimi unakuwa jiwe. Nikanywa chai yangu. Nilipopanda tena baiskeli, ule uzito ulikuwa palepale, nikarudi nao nyumbani.

Jumatatu nikafunga keria. Vumi akapanda, akawa anahangaika.

"Kaka, mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu aliyekaa katikati."

Kabla sijamjibu alikuwa chini, ameangukia mguu ule mbovu, kama mtu aliyesukumwa kwa nyonga. Wiki ile yote nilimbeba mgongoni. Siku ya Jumatano nilichoka, hakwenda shule, akakaa mlangoni akiangalia wenzake wanapita na madaftari.

Jioni hiyo nikamweleza mama. Akaweka chini beseni la mboga.

"Ulimwambia panda?"

"Ndiyo, mama."

"Na shuka, ulimwambia?"

Nikainamia lile beseni.

"Ee Mungu wangu. Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Anafikishwa."

Basi Jumamosi nikalizunguka duara peke yangu, nimembeba. Chini ya kila mlima nilisimama nikasema kwa sauti, "Tumefika, shuka." Na kila mara alinijibu sikioni, "Siyo hapa." Kwenye msitu wa misindano: siyo hapa. Kwenye kibanda cha chai nilisema mbele za watu, wakanishangaa: siyo hapa. Kwenye makaburi ya kijiji ndipo nilipokuwa na tumaini kuliko kote. Nikashuka, nikavua kofia, nikasema kwa heshima zote. "Siyo hapa," akasema, na nadhani alicheka kidogo.

Nilirudi Kihesa jua linazama, nasukuma baiskeli kwa mikono, machozi yananitoka. Vumi alikuwa kizingitini anapukuchua maharage, miguu ameinyoosha. Nikaegemeza baiskeli ukutani. Na kwa uchovu tu, kama mtu anavyojisemea akifika kwao, nikasema, "Haya, tumefika."

"Asante," mzee akaniambia sikioni.

Tairi likainuka. Vumi akainua kichwa, akatazama mahali pasipo na mtu, akakunja miguu yake kumpisha anayeingia.

"Karibu," akasema. Ni mtoto aliyelelewa vizuri.

Mchungaji alikuja akaomba, mama alifunga siku tatu. Baiskeli sasa ni nyepesi kama zamani, lakini Vumi haitaki tena. Anakwenda shule kwa miguu. Ndiyo, kwa mguu uleule, bila fimbo, anapanda kilima haraka kuliko wenzake. Majirani wanamshukuru Mungu, na mama naye anaimba. Mimi ninayetembea nyuma yake ndiye ninayeona sare yake imebonyea katikati ya mgongo, upana wa kiganja.

"Ananisukuma tu, kaka," anasema. "Ni babu mzuri."

Nikamkataza: mkifika juu usiseme neno, hata asante usiseme.

"Kwa nini? Anisukume mlima mzima halafu nisimwambie panda?" Akafikiri. "Ila mimi sina keria. Atakaa wapi?"

Wewe unayepanda milima, sikia. Ukiwekewa mkono mgongoni, weka mguu chini, geuka, mtazame aliye nyuma yako. Heri uanguke. Na umempakia mtu usiyemjua? Angalia mahali unapotamka kwamba mmefika.

Mimi siku hizi kila asubuhi napanda kile kilima na Vumi. Naongea njia nzima, mimi niliyekuwa bubu mbele za watu. Namhesabia miti, namuuliza majedwali ya kuzidisha, namwimbia, na tunapofika juu naongea zaidi, ili asipate nafasi ya kuingiza lile neno la panda. Jana koo lilianza kuniuma.