Harusi ya Mpishi Niliyoitunga Mutsamudu

Mjini kwetu Mutsamudu watu walisema sitapata diploma kamwe. Niliporudi nayo kutoka Ufaransa, kiburi kilinijaa. Mji mzima ulikuwa umengoja kwa miaka sehemu mpya ya filamu za mpishi mlafi, nami nikajigamba kwamba nimeshaiona hukohuko Ufaransa. Sikuwa nimeiona. Nikatunga hata mwisho wake: mpishi anaoa, mtaa mzima unacheza ngoma.

Koko, bibi wa mchumba wangu, alifurahi mno. Akawaalika wanawake wa Mirontsy, mji wa jirani, waje siku ya onyesho waone mjukuu wake anaolewa na msomi wa namna gani.

Filamu ilikwama Moroni, mji mkuu, ambako mamluki wa Kizungu waliomlinda rais walipekua kila sanduku bandarini. Niliomba ipotee. Ikafika.

Usiku wa onyesho nikasimama kando ya shuka jeupe lililotumika kama skrini, nikiwatafsiria watazamaji Kifaransa cha filamu. Watu walicheka, lakini harusi haikutokea. Mpishi alipoanza kugombana na muuza nyama mwenye masharubu, nikakata tamaa, nikapaza sauti: "Sasa anaposa!"

Filamu ikaisha hapohapo. Taa zikawashwa. Kutoka upande wa wanawake, Koko akasimama.

"Bwana Diploma," akauliza, "bibi harusi ndiye yule mwenye masharubu?"