Siku Balozi Alipopelekwa Bugwema

Kabla sijasema lolote juu ya Marieta, niungame kwanza: mimi nilinyoosha mkono kuku wale wachinjwe. Ilikuwa Mei mwaka 1985, kwenye kikao cha akina mama wa parokia hapa Musoma, na mkono wangu ndio uliotangulia kupanda. Nyama ilikuwa adimu, mafuta ya kula tulikuwa tunayasikia kwa watu, na stoo ya misheni ilikuwa na mitetea kumi na wawili weupe, wanene, ambao hawajaanza hata kutaga. Sikukuu ya Petro na Paulo ilikuwa inakaribia. Mtu mwenye akili timamu angepigia kura sufuria.

Walikuwa ishirini walipoletwa na lori kutoka Mwanza. Wanane alipewa Susana, mwenyekiti wetu, awachanganye na kuku wake wa kienyeji ili tupate mbegu ya mayai mengi. Susana akafungua banda, akawamwaga ndani kama anamwaga pumba, akaenda zake kusali. Aliporudi alikuta wawili tu wanapumua, na hao nao vichwa vyote damu. Kuku wa kienyeji hana mchezo na mgeni. Ndiyo maana tukaona hawa waliobaki tuwale wangali wazima.

"Nipeni mimi," ikasema sauti ya nyuma.

Alikuwa Marieta, Mama Felisian, jirani yangu wa Kigera, mjane, mpishi wa shule. Mwanamke mfupi, mbishi, akicheka hewa inatokea puani. Kwao ni Bugwema, kwenye boma la ng'ombe la baba yake, mzee Keraryo, lakini mjini alikuwa hana hata mkia wa ng'ombe. Mali yake yote ilikuwa kuku saba na jogoo. Sabuni ikikosekana, alibadilisha mayai akapata sabuni. Felisian alipotakiwa daftari shuleni, daftari zilitoka chini ya kuku hao hao.

"Nipeni mpaka sikukuu," akasema. "Akikufa hata mmoja, nawaleta wote kwenye sufuria yenu. Na hii kuku yangu saba nawaongeza juu yake."

Nilimfinya paja chini ya benchi. Hakunitazama. Susana akaandika kwenye daftari la kikao, na ikawa imekwisha.

Njiani nilimgombeza mpaka tukafika. "Mama Felisian, umerogwa? Watoto utawalisha nini?"

"Mama Florian, wewe ulionaga wapi ng'ombe ya mahari inaingia bomani siku ile ile imefika?" akanijibu. "Baba alikuwaga anazifunga nje ya ua, wiki nzima. Zinanusana, zinaitana. Zikichoka kushangaana, ndio anafungua."

"Kuku sio ng'ombe."

"Na wewe sio kuku. Umejuaje?"

Basi akafanya vile vile. Wageni akawajengea kizimba cha fito upande wa pili wa uzio, mbali kidogo, akawaangalia wiki mbili kama kuna mwenye kuhara au kukoroma. Hapakuwa na mgonjwa. Kisha akataka kuwaingiza bandani wakiwa wametengwa na wenyeji, waonane bila kugusana. Waya wa kuku wakati ule hukuupata hata kwa kupiga magoti. Akateremka Mwigobero kwa Omari, muuza vyombo vya uvuvi. Mwaka ule biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, Omari amepata nyavu mpya za nailoni, na wavu kuukuu aliokuwa ameushona mpaka ukajaa viraka ulikuwa umetupwa kwenye kona. Akampa bure, akacheka, akamwuliza kama amepata sato wanaotembea kwa miguu.

Wavu ule ukagawa banda katikati. Huku weupe, huku wenyeji, na kila upande sahani yake ya pumba na vumbi la dagaa. Siku za kwanza wenyeji waliushambulia wavu kama wendawazimu. Siku ya sita wakauchoka. Siku ya kumi niliona mwenyeji mmoja amelala ameegemea wavu, na mweupe ameegemea upande wa pili, migongo imegusana. Nilisema moyoni, huyu mwanamke!

Ila palikuwa na Balozi.

Balozi alikuwa kuku mkubwa mwekundu, shingo haina manyoya. Jina alilipata kwa sababu kila asubuhi alilipitia banda zima, kona kwa kona, na kabla hajamaliza ukaguzi hakuna kuku aliyethubutu kudonoa. Marieta alipofungua wavu kidogo kujaribu, wenyeji sita walitazama tu. Balozi aliruka. Kabla hatujamshika alikuwa ameshamchana mmoja kilemba, damu inachuruzika. Marieta akampaka yule mtetea masizi ya sufuria ili wenzake wasiione damu wakamalizia kazi. Kisha akakaa chini kwenye vumbi. Nilimwona anaogopa, na mimi nikaogopa pamoja naye. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

"Baba alikuwa na dume moja hivi hivi," akasema baadaye. "Halikubali mgeni. Akalipeleka kwa mjomba. Kurudi, likakuta wageni ndio wenyeji."

Kesho yake, kwenye foleni ya maji, Marieta akaniambia kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona: "Balozi namtoa Jumatatu. Nampeleka Bugwema. Amezidi."

Sasa, mtaa wetu ulikuwa na balozi wa nyumba kumi, Mzee Werema, aliyekuwa anatuandikia karatasi za sukari. Ndoo zetu hazijajaa, habari imeshafika Nyakato: Marieta ana ndugu mkubwa serikalini, balozi anahamishwa. Jioni Mzee Werema akaingia uani kwa Marieta amevaa shati la kuendea misa.

"Mama Felisian, nasikia umenitoa."

Mimi nilijifanya nachambua mchicha. Marieta alisimama, akamshika mzee mkono mpaka bandani, akamwonyesha. "Shikamoo mzee. Ni huyu hapa. Anakaguaga banda kila asubuhi, hakuna anayekula mpaka apite."

Mzee Werema akainama, akamtazama kuku. Kuku naye akamtazama.

"Anatagaga?"

"Kila siku, mzee."

"Basi sio tusi," akasema. "Mpeleke. Lakini arudi."

Balozi akaenda Bugwema ndani ya kikapu, kwa siku tisa. Siku ya pili Marieta alifungua wavu. Nilikuwepo, na nilikuwa nimefunga macho. Nilisikia kelele kidogo, mabawa, kisha ko-ko-ko la kawaida la kuku wanaokula. Nilipofumbua, wako sahani moja, weupe na wenyeji, na yule mwenye masizi yuko katikati anakula kwa fujo kuliko wote. Tulicheza pale uani, wanawake wawili wazima, hadi watoto wakaona aibu.

Balozi aliporudi alitolewa kikapuni akaingia kifua mbele. Kuku kumi na wanane wakageuka kwa pamoja. Aliposogelea sahani, yule mweupe mwenye kovu alimdonoa utosini mara moja tu. Balozi akasimama, akafikiri, akaenda nyuma. Alikula wa mwisho siku hiyo. Baada ya hapo aliishi nao kwa adabu, na ukaguzi akaacha.

Siku ya sikukuu Marieta aliingia ukumbini amebeba beseni kichwani. Aliliweka mezani mbele ya Susana, akaondoa kitambaa: mayai. "Kuku ni kumi na wawili," akasema. "Mwenye mashaka aende Kigera akahesabu." Akina mama wakapiga vigelegele vya arusi, na Susana mwenyewe alilia. Tulipotulia akasimama kututangazia kwamba lori linaleta ishirini wengine. Nani atawapokea?

Mkono wangu ndio uliotangulia kupanda.

Marieta akautazama. "Mkono huu naujuaga. Sio ule wa sufuria?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nao, machozi yananitoka, lakini sikuushusha.

Asubuhi alinikuta jikoni kwangu. Amebeba wavu wa Omari, umefuliwa, umekunjwa vizuri.

"Anza na hii," akasema. "Kuku watakukuta umeshaufunga."